Denis Burkitt na Safari ya Chakula Tumboni: Kutoka Mulago hadi Lucky Summer

Jina la Denis Parsons Burkitt hutajwa aghalabu pamoja na saratani ya taya inayowapata watoto wa ukanda wa joto wa Afrika, saratani ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ni nadra kumsikia akitajwa kuhusiana na jambo la pili ambalo lilimshughulisha kwa robo karne ya mwisho ya uhai wake, yaani mwendo wa chakula katika utumbo wa binadamu. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa kuegemea upande huo wa pili. Ushahidi wake mkuu aliupata Afrika Mashariki, kwa watu waliokula matoke, ugali wa wimbi, viazi vitamu na maharagwe. Na swali alilolizua lingali hai katika mitaa ya Nairobi ambako wajukuu wa watu wa namna hiyo wanakula vingine.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, katika jimbo la Fermanagh, Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa jimbo. Mzee huyo alikuwa na uraibu wa pekee: aliwavika ndege wadogo pete miguuni ili ajue kila mmoja wao anamiliki eneo gani, kisha akayachora maeneo hayo katika ramani. Tabia ya kuuliza ni wapi kabla ya kuuliza ni kwa nini ilimwingia mwanawe, na itaonekana mara tatu katika maisha yake. Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa na jiwe lililovunja miwani yake, akapoteza jicho moja. Mnamo 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama babake, lakini baada ya muda mfupi imani yake ya Kikristo ikamgeuza nia akahamia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na kufikia 1938 alikuwa mpasuaji kamili.

Ukoo wa Burkitt haukuwa mgeni Nairobi. Ami yake Denis, Roland Burkitt, alikuwa mpasuaji mashuhuri katika mji huo tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni, na sifa yake ilienea kwa sababu ya kuwatibu wagonjwa wa homa kwa kuwamwagia maji baridi. Haielekei kwamba mpwa aliiga mbinu hizo. Hata hivyo, Afrika Mashariki ilikuwa tayari imetajwa nyumbani kwao kabla hajaikanyaga.

Alipoomba kazi katika idara ya utabibu ya makoloni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikataliwa kwa kuwa ana jicho moja tu. Jeshi halikuwa na kigezo hicho. Lilimchukua mwaka 1941, likampeleka Kenya na Somalia, kisha Ceylon. Vita vilipokwisha aliomba tena, safari hii akakubaliwa, na mwaka 1946 akafika Lira, kaskazini mwa Uganda, pamoja na mkewe Olive, ambaye alikuwa muuguzi. Huko Lango ndiko alikochora ramani yake ya kwanza. Aligundua kwamba mabusha yalikuwa mengi mno mashariki mwa wilaya na machache magharibi, ilhali watu walikuwa wa kabila moja. Jawabu lilikuwa katika mbu na minyoo wanaowabeba. Funzo kwake lilikuwa kwamba hospitali inayoandika anwani za wagonjwa wake tayari ina nusu ya jibu.

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, Kampala. Mnamo 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita atazame mtoto mwenye uvimbe katika pembe zote nne za taya. Wiki chache baadaye akamwona mwingine kama huyo hospitalini Jinja. Kisa cha ugunduzi huo kimesimuliwa mara nyingi, na hapa kitapitwa upesi. Burkitt alichapisha maelezo yake mwaka 1958. Kuanzia Oktoba 1961, akiwa na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson katika gari kuukuu, alisafiri maili 10,000 kwa wiki 10, akipita zaidi ya hospitali 50 hadi kusini mwa bara, ili ajue uvimbe huo unaanzia na kukomea wapi. Ramani yake ilifuata joto na mvua. Mwaka huohuo wa 1961 mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikia akihutubia London, na mnamo 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kwamba wameona virusi katika chembe za uvimbe huo. Kwa kazi hiyo pekee Burkitt angeweza kustaafu kwa heshima. Alirejea Uingereza mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 55, bila kujua kwamba nusu ya pili ya sifa zake, na lawama zake, ilikuwa haijaanza.

Utumbo unaojiamulia

Kabla ya kuendelea, inafaa msomaji aelewe utumbo unavyofanya kazi, kwani bila hilo hoja ya Burkitt inageuka kuwa ushauri wa upishi tu.

Kiswahili kimejua tangu zamani kwamba tumbo na fahamu ni majirani. Mtu mwenye wasiwasi husemekana kuwa ana tumbojoto. Mwenye tamaa ya chakula hudondokwa na mate kabla hajakigusa. Sayansi ilifika hapo kwa kuchelewa. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa anapoonja chakula, hata kikizuiwa kufika tumboni, tumbo lake huanza kutoa maji ya kusaga chakula, na kwamba amri hiyo hupitia neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Ukikata neva hiyo, amri haifiki.

Lakini amri ya ubongo hutawala zaidi ncha mbili za njia ya chakula, yaani mdomo na tumbo kwa upande mmoja, na njia ya haja kwa upande wa pili. Katikati kuna utumbo wenye urefu wa mita kadhaa, na huo una serikali yake. Katika karne ya 19 Wajerumani wawili, Georg Meissner na Leopold Auerbach, waliona kwa hadubini mitandao miwili ya neva ndani ya ukuta wenyewe wa utumbo: mmoja chini ya utando wa ndani, mwingine kati ya tabaka mbili za misuli. Neva hizo ni mamia ya mamilioni. Mwaka 1899, William Bayliss na Ernest Starling wa London walikata neva zote zinazotoka nje kwenda kwenye utumbo wa mbwa, kisha wakaweka kitu kidogo ndani yake. Utumbo haukukoma. Ulijikaza nyuma ya kitu kile na kujilegeza mbele yake, nacho kikasogea kuelekea chini. Kwa maneno mengine, ukuta wa utumbo ulihisi, ukaamua na ukatenda bila kuuliza ubongo.

Mwanzo wa tendo hilo ni kutanuka. Chakula kinapousukuma ukuta, chembe maalumu katika utando wa ndani hutoa kemikali iitwayo serotonini, ambayo sehemu yake kubwa katika mwili wa binadamu imo tumboni wala si kichwani. Kemikali hiyo huziamsha neva za hisia. Hizo hupasha habari neva za kati. Nazo huamrisha misuli ya nyuma ibane na ya mbele ilegee. Wimbi hupita, kisha jingine. Ubongo huweza kuharakisha au kupunguza kasi, na ndiyo sababu mtahiniwa hukimbilia msalani asubuhi ya mtihani, lakini haulazimiki kuyaanzisha mawimbi hayo. Umuhimu wa mtandao huu unadhihirika kwa mtoto anayezaliwa bila chembe za neva katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Misuli ipo, damu ipo, na chakula hakipiti. Tumbo huvimba hadi mpasuaji aiondoe sehemu ile isiyo na neva.

Jambo moja hapa ni la kuwekewa mkazo. Ikiwa kutanuka ndiko kunakoziamsha neva, basi utumbo unaopokea vitu vichache na vikavu huwa kama mlinzi aliyepewa zamu mahali pasipopita mtu.

Ramani ya tatu

Mwaka 1967 Burkitt alikutanishwa na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza. Wakati wa vita Cleave aliwapa mabaharia pumba za ngano ili kuwaondolea tatizo la kufunga choo, na wenzake walimcheka kwa hilo. Aliamini kwamba maradhi mengi ya Wazungu yalitokana na sukari na unga uliokobolewa. Madaktari wengi walimpuuza. Burkitt hakumpuuza, kwa kuwa alikumbuka jambo ambalo Cleave hakuwa na njia ya kulijua kwa macho yake: katika miaka yake yote ya upasuaji Uganda, ni Waafrika wachache mno aliowapasua kidole tumbo, waliougua bawasiri au waliopatikana na saratani ya utumbo mpana, ilhali hospitali za Uingereza zilijaa wagonjwa hao. Trowell, ambaye alifanya kazi Kenya tangu 1929 kabla ya kuhamia Uganda, alikuwa ameandika kitabu kizima mwaka 1960 kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika, na orodha yake ya maradhi yaliyokuwa adimu ilishabihiana na ya Cleave.

Burkitt alirudia mbinu ya babake. Aliziandikia hospitali za misheni barani Afrika na Asia, akiziomba zihesabu na kumjibu kwa ukawaida. Kisha akaamua kupima chenyewe kinachosafiri. Akishirikiana na Alec Walker wa Johannesburg na Neil Painter wa London, aliwapa watu vidonge vidogo visivyopenywa na eksirei. Kinyesi chao kilikusanywa katika mifuko, kikapimwa uzito na kupigwa picha hadi vidonge vionekane vimetoka. Matokeo yalichapishwa Desemba 1972. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilichukua takribani saa 36 kupita mwilini, na uzito wa choo ulikuwa wastani wa gramu 470 kwa siku. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, muda ulizidi saa 80 na uzito ulikuwa gramu 104 hivi.

Kikundi cha tatu ndicho kinachostahili kutazamwa zaidi, ingawa wasimulizi wengi hukiruka. Wanafunzi wa shule moja ya bweni nchini Uganda, waliokuwa wakila mlo mchanganyiko wa kienyeji na wa kizungu, waliangukia katikati. Walikuwa Waafrika kama wanakijiji wale. Kilichobadilika ni sahani. Hoja kwamba Mwafrika ana utumbo wa aina yake, ambayo bado ilikuwa na wafuasi katika miaka hiyo, ilidhoofishwa na wanafunzi hao, sawa na ilivyodhoofishwa na Wamarekani weusi, waliougua maradhi yaleyale ya jirani zao weupe.

Maelezo ya Burkitt yalikuwa mepesi. Nyuzinyuzi za mimea hazisagiki katika utumbo mwembamba. Hufika katika utumbo mpana zikiwa zimeshika maji, zikaujaza na kuutanua, na mawimbi yakapata kitu cha kusukuma. Zikiondolewa kwa kukoboa nafaka, mabaki huwa madogo na magumu, misuli ikalazimika kubana kwa nguvu juu ya vipande vidogo, na mtu akajikamua chooni; kwa maoni yake, bawasiri na vifuko vya utumbo mpana vilitokana na shinikizo hilo. Burkitt hakuwa mtaalamu wa neva. Alipima matokeo tu, saa na gramu, na katika maandishi yake mtandao wa Auerbach unaonekana kama mpishi anavyoonekana katika hoteli: chakula kinafika mezani, mwenyewe hatajwi.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya sayansi ya Uingereza. Yeye na Trowell, ambaye alikuwa amepewa daraja la ukasisi baada ya kurejea Uingereza, walihariri kitabu cha kitaaluma mwaka 1975, na mwaka 1979 Burkitt akatoa kingine kwa wasomaji wa kawaida kilichonunuliwa sana. Akawa anazunguka dunia akihutubia, akiwaonyesha wasikilizaji slaidi za kinyesi alizopiga vichakani Afrika. Wengi walishtuka. Hapa mwanafunzi wa lugha atamwelewa haraka zaidi kuliko daktari. Kiswahili kina tafsida tele kwa jambo hili: kwenda haja, kujisaidia, choo kikubwa, na kila jamii hujenga ukuta wa maneno mahali penye aibu. Burkitt alishikilia kwamba ukuta huo ulikuwa umewazuia madaktari wa Ulaya wasiulize swali ambalo muuguzi yeyote wa Lira angelijibu.

Palipopungua

Haifai kumfanya mtakatifu. Hesabu za hospitali za misheni zilihusu waliofika hospitalini, na mgonjwa wa bawasiri kijijini angeweza kuishi na kufa bila kumwona daktari. Watu wengi hawakufikia umri wa kupata saratani ya utumbo. Vikundi vilivyopimwa vilikuwa vidogo. Mlo wa kijijini ulitofautiana na wa Uingereza kwa mengi zaidi ya nyuzinyuzi, ikiwemo nyama, mafuta na sukari, na Burkitt alikuwa na mazoea ya kuutazama uzi mmoja akausahau mkeka.

Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa Marekani mwaka 2000 hayakuonyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache kunazuia vinundu vinavyotangulia saratani visirudi. Uchunguzi mkubwa wa Ulaya wa mwaka 2003, kwa upande mwingine, uliwakuta walaji wa nyuzinyuzi nyingi wakipata saratani hiyo kwa uchache zaidi. Kuhusu vifuko vya utumbo mpana, utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 haukuiunga mkono nadharia ya shinikizo. Hali kadhalika, imebainika kwamba nyuzinyuzi si mzigo mtupu wa kujaza nafasi. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi nyepesi zinazoulisha utando wa utumbo. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana milo ya Wamarekani weusi na ya wanakijiji wa Afrika Kusini kwa wiki mbili tu, na dalili za hatari ya saratani katika utando huo zikabadilika pande zote mbili. Burkitt alikuwa sahihi kuhusu mahali; kuhusu sababu, alikuwa ameishika sehemu tu.

Lucky Summer

Ramani ya nne hakuichora yeye. Lucky Summer ni mtaa wa kaskazini-mashariki mwa Nairobi, katika eneobunge la Ruaraka, jirani na Korogocho na Baba Dogo. Wakazi wake wengi, kama wa mitaa mingine ya Eastlands, ni watu ambao wazazi au nyanya zao walikula mahindi yaliyosagwa mazima. Asubuhi ya mtaani ni chai na mandazi ya unga mweupe. Mchana ni chapati, au chipsi kwa smoki. Ugali wa jioni hupikwa aghalabu kwa unga wa pakiti uliokobolewa ukaondolewa pumba na kiini. Ni mlo wa shule ya bweni ya Burkitt, au hatua kadhaa mbele yake.

Hata hivyo, picha si ya upande mmoja. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa yakiwa mazima, huuzwa kando ya barabara kwa bei nafuu, na sukuma wiki haikosi. Wapo wanaosagisha mahindi yao kwenye posho mill. Vyakula hivyo hudharauliwa kuwa vya shida, na githeri husingiziwa kwamba inajaza gesi. Si singizio: gesi hiyo ni kazi ya bakteria waliotajwa hapo juu, wakiwa wamepata riziki yao.

Lipo pia jambo ambalo Burkitt, aliyewapima watu wenye kichaka karibu, hakulazimika kulifikiria sana. Kinyesi kinapofika mwisho wa utumbo, ukuta hutanuka, neva hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na msuli wa ndani wa kufungia hulegea wenyewe. Msuli wa nje ndio ulio chini ya hiari ya mtu. Akiubana, hamu hupungua baada ya muda, kinyesi hubaki, maji yake huzidi kufyonzwa, na kesho huwa kigumu zaidi. Mwenye kuyarudia hayo kila siku huufundisha utumbo wake kunyamaza. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilieleza jinsi wanawake katika vitongoji vya Nairobi, Korogocho ikiwemo, walivyohofia kwenda msalani usiku kwa sababu ya kushambuliwa njiani. Katika ploti ambayo familia nyingi zinatumia choo kimoja, hesabu ya saa 36 na saa 80 haitegemei maharagwe peke yake. Inategemea taa, kufuli na umbali wa mlango. Mtafiti atakayeyapima hayo Eastlands kwa vidonge vya Burkitt atakuwa ameongeza ukurasa ambao Burkitt hakuuandika.

Burkitt aliendelea kuhutubia na kuandika hadi uzeeni. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Majina ya Cleave, Trowell, Walker na Painter hutajwa karibu na lake kila historia ya nyuzinyuzi inapoandikwa. Wanakijiji wa Uganda waliomeza vidonge na kumkabidhi mifuko wamo katika jedwali la 1972 kwa idadi yao, aina ya mlo wao, saa na gramu.